Funda la Chai kwenye Kipaza Sauti

Dominiko Kasmiri alikuwa ameinamisha kichwa, wembe wa kinyozi ukipita nyuma ya sikio lake, alipojisikia akizungumza mahali ambapo hakuwa amefungua mdomo.

"Tazameni sasa!" ilisema sauti yake. "Nyampara Mbigiri amefura. Anamwambia manamba, mkonge wako mfupi, siupokei, rudi shambani ukakate mwingine! Manamba naye, mtoto wa watu, anakunja ngumi taratibu..."

Aligeuka ghafla.

"Tulia, mzee, nitakukata," alisema Rehani kinyozi.

Kwenye benchi la wanaosubiri zamu palikuwa na kijana mmoja aliyelaza simu juu ya tumbo, anacheka hadi mabega yanatikisika. Kwenye kioo cha simu Wachina wawili walikuwa wakirukiana mateke juu ya paa la vigae. Sauti ilikuwa ya Dominiko.

"Mwanangu, hiyo ni nini?" aliuliza.

"Shikamoo, mzee. Filamu hii. Kuna jamaa huko porini anazitafsiri kichizi kabisa. Watu wanapigana kwao Uchina, yeye anasema wanagombania mkonge. Yuko mtandaoni. Ukiwa na bando tu, unaye."

"Porini wapi?"

"Nani ajuaye? Handeni huko."

Rehani aliinua wembe akamtazama mteja wake kwenye kioo cha ukutani. "Lakini mzee, mbona kama sauti yako?"

"Sauti za wazee hufanana," alijibu Dominiko, akainamisha tena kichwa.

Alikuwa amekuja Korogwe asubuhi kununua plagi ya jenereta. Katika basi la kurudi Handeni aliishika plagi ile ndani ya kiganja njia nzima, na kila abiria aliyetoa simu alimtazama mpaka abiria mwenyewe akaona haya. Mwizi wa mbuzi huacha nyayo, alikuwa akiwaza. Huyu aliyeiba sauti amepita wapi?

Ili mtu aelewe kwa nini alishtuka kiasi hicho, sharti ajue sauti ile ilikotoka. Dominiko alizaliwa katika kambi ya mkonge, si mbali na Korogwe, ambako baba yake alifika kutoka kusini akiwa manamba, mtu wa mkataba aliyejulikana ofisini kwa namba kuliko kwa jina. Alikua akisikia ngurumo ya korona, ile mashine inayosaga majani ya mkonge hadi kubaki nyuzi nyeupe, na matusi ya wanyampara waliokataa mafungu ya watu kwa sababu ya upana wa kidole. Bei ya mkonge ilipoanguka na mashamba yakaanza kubadilisha wenyewe, kambi ilitawanyika. Dominiko alimfuata mkewe Efrazia hadi kwao Kwedizinga, upande wa Handeni, akalima mahindi kama watu wote.

Ndipo ikaja miaka ya soko huria. Maduka ya Korogwe, ambayo zamani yalikuwa na rafu tupu na mwenye duka anayesinzia, yalijaa redio, pasi na televisheni kutoka ng'ambo. Dominiko aliuza baiskeli na mbuzi saba, akarudi Kwedizinga na televisheni kuukuu, deki ya video, jenereta ndogo na kanda nne. Alijenga banda la miti na mabati, akapanga mabenchi. Siku ya kwanza watu walijaa. Picha zikaanza, na baada ya muda mfupi mzee mmoja akauliza kwa sauti, "Wanasema nini hawa?"

Hakuna aliyejua. Dominiko mwenyewe hakujua neno moja la Kiingereza, achilia mbali Kichina. Lakini watu walikuwa wamelipa. Alisimama kando ya televisheni akaanza kusema lolote lililomjia, na kwa kuwa aliujua ulimwengu mmoja tu, watu wote wa dunia walikwenda kukata mkonge. Mzee mwenye ndevu alikuwa nyampara. Kijana aliyeonewa alikuwa manamba. Msichana mrembo alikuwa binti wa karani wa mizani, na ukimwona mtu anaanguka kutoka ghorofani, ujue ameangukia ndani ya korona. Watu walicheka, wakalia, wakarudi kesho yake.

Tangu hapo Kwedizinga walimwita Mkalimani. Vituo vya televisheni vya watu binafsi vilipoanzishwa, alinunua antena ndefu. Madishi yalipofika, akanunua dishi. Mwaka wa ving'amuzi alinunua king'amuzi, akalalamika wiki moja, akazoea. Kila kitu kipya kilitishia kumfungia banda na kila kitu alikimeza, kwa sababu moja aliyoijua vizuri. Picha zilikuwa za watu wote, ila sauti ilikuwa yake peke yake. Aliyeitaka sharti apite mlangoni.

Sasa sauti imetoka bila kupita mlangoni.

"Ni Lenku," alimwambia Efrazia siku ile ile, hata kabla ya kuvua viatu.

Efrazia aliacha kupepeta mahindi. "Lenku yupi?"

"Tunaye mwingine?"

Lenku alikuwa mlinzi wa mlango wa banda kwa miaka kumi na minne, Mmaasai mrefu mwenye rungu na mzaha mwingi. Siku moja wateja waliposhikana mashati mlangoni, hakuinua rungu. Aling'oa majani mabichi, akayainua kati yao, akasema kwao aliyeshika majani hapigwi wala hapigi. Wagombanao waliduwaa, kisha wakacheka, na ugomvi ukaishia hapo.

"Lenku aliyekubeba mgongoni ulipougua mpaka kwenye gari la Handeni?" aliuliza Efrazia.

"Ndiyo maana. Kikulacho ki nguoni mwako. Tangu auze lile dume jekundu la ng'ombe ana simu pana kama kibao cha chapati. Anacheka peke yake mlangoni. Jumamosi aliniuliza, Domi, wiki ijayo utatafsiri ipi? Mlinzi anataka kujua ya nini?"

"Pengine anaipenda."

"Miaka kumi na minne hakuwahi kuuliza."

Efrazia alirudi kwenye ungo wake. "Ukimtafuta nyoka kwa hamu sana, hata kamba utaiua," alisema.

Jumamosi, siku ya mnada, Dominiko alitangaza sheria mpya. Kila aingiaye atoe simu.

"Mkalimani, unakusanya simu? Na meno ya bandia je?" aliuliza mmoja.

"Mimi yangu haina hata kioo, nayo unaiogopa?" alisema mwingine.

"Weka hapa, ingia," alijibu Dominiko, bila kucheka.

Mahali pa kuziweka palikuwepo tayari. Kama wenye jenereta wengi wa vijijini, Dominiko alikuwa na ubao wa kuchajia: ubao mrefu wenye soketi kumi na nane, ambao watu wa Kwedizinga na vitongoji vyake waliletea simu zao. Zamani aliuning'iniza ukutani, nyuma kabisa. Siku ile aliushusha akaulaza juu ya meza yake mwenyewe, mbele ya kipaza sauti, karibu na kikombe chake cha chai.

"Zikae ninapoziona," alisema. "Nami nitazichaji bure, msije mkasema ninawaonea."

Watu walipumua. Yuditha, mama muuza chai wa nje ya banda, ambaye kila siku alichaji kwake, alikuwa wa kwanza kupitisha simu yake. Efrazia naye akaiweka yake. Zilipojaa, Dominiko alizitazama zilivyolala mstari mmoja chini ya macho yake, na kwa mara ya kwanza tangu Korogwe alitabasamu. Simu moja tu ilibaki nje, ya Lenku, kwa kuwa mlinzi huwa hakosi wa kumpigia. Au ndivyo Dominiko alivyosema. Kwa kweli alikuwa ametega mtego.

Siku ya nne, simu yake ndogo ya kubonyeza iliita. Alikuwa Rehani.

"Mzee, yule jamaa yako ametoa nyingine. Ile ya nyampara kuanguka ndani ya korona. Safari hii sauti ni safi kupita kiasi! Utadhani umekaa mapajani mwake."

Ilikuwa filamu ya Jumamosi. Simu zote zilikuwa mezani isipokuwa moja. Dominiko aliona kwamba hesabu imekamilika, na mtu aliyekwisha kukamilisha hesabu hasikii tena anachoambiwa. Hakulisikia hata lile neno la mapajani.

Jumamosi iliyofuata banda lilifurika. Katikati ya filamu, manamba akiwa hewani na mguu umenyooka, Dominiko alisimamisha picha. Alikunywa funda la chai. Alijinong'oneza, "Leo ni leo." Kisha akabonyeza kitufe cha kipaza sauti.

"Lenku! Njoo mbele."

Watu waligeuka. Lenku aliingia akiwa anatabasamu, akidhani ni mzaha wa filamu.

"Hamjui kwa nini nawanyang'anya simu," ilivuma sauti ya Dominiko kwenye spika zote mbili. "Ni kwa sababu yupo anayerekodi sauti yangu na kuirusha mtandaoni. Miaka kumi na minne nimeweka mlinzi mlangoni, kumbe nimeweka mwizi. Huyu hapa. Lenku ni mwizi!"

Jenereta ilinguruma nje. Hakuna aliyecheka. Lenku alitembea kati ya mabenchi taratibu, tabasamu likimtoka hatua kwa hatua, hadi mbele ya meza. Alitoa simu yake pana, akaiweka katika kiganja cha Dominiko na kuvifunga vidole vyake juu yake, mmoja mmoja, kama anayemfundisha mtoto kushika yai.

"Itafute sauti yako humo," alisema. "Ukimaliza, unajua ninapokaa."

Akatoka. Manamba alishuka kutoka hewani, akampiga nyampara teke la kifua. Dominiko alitafsiri hadi mwisho, lakini maneno yalianguka kama mahindi mabovu. Watu walichukua simu zao mezani bila kumtazama usoni.

Siku nne zilipita, na simu ya Lenku ikiwa mfukoni mwa Dominiko. Hakuweza hata kuifungua. Aliipapasa kioo, ikamwonyesha picha ya ndama, ikaomba alama asiyoijua.

Siku ya tano alikuja Naitoi, mke wa Lenku. Alisimama uani, shanga zake zikilia kidogo kwa upepo, asikubali kigoda.

"Takwenya, mama," alisema Dominiko, akimwamkia Kimaasai.

"Iko," aliitikia. "Mzee, kaka zangu wako Kwamsisi. Juzi wamenipigia kuuliza kama kweli niliolewa na mwizi."

"Nani kawaambia?"

"Wewe."

"Mimi sijafika Kwamsisi mwaka huu!"

Naitoi alitoa simu ndogo ndani ya shuka, akabonyeza na kuiinua kati yao. Banda zima lilikuwa mle: jenereta, kikohozi cha mtu wa mbele, na sauti ya Dominiko. *Lenku ni mwizi.* Kulikuwa hata na watu wasiojulikana waliochekelea chini yake, mmoja ameandika kwamba filamu hii ya mlinzi ni kali kuliko ya Wachina.

Jambo la kwanza lililomjia Dominiko lilikuwa lile lile lililokuwa likimjia kwa zaidi ya majuma mawili: nani? Lenku alikuwa amesimama mbele yake, na simu yake iliingia kiganjani mwa Dominiko mwenyewe. Maneno haya yamechukuliwa na nani?

"Rudisha mwanzo," alisema.

Naitoi alirudisha. Kabla ya jina la Lenku kulikuwa na ukimya, kisha mvuto mrefu wa midomo, *frrrp*, kisha kikombe kikigonga meza. Halafu mnong'ono: *Leo ni leo.*

Mnong'ono ule hakumwambia mtu. Aliusema kabla ya kubonyeza kitufe. Mtu wa benchi la kwanza asingeusikia, sembuse mlinzi wa mlangoni. Kilichousikia kilikuwa shubiri mbili kutoka mdomoni mwake, kimelala, kinachaji, kwa umeme wake mwenyewe. Alikuwa amewapokonya watu masikio yao mlangoni akaja kuyapanga kwa mkono wake mbele ya kipaza sauti.

"Nani alirekodi?" aliuliza Naitoi.

"Mmoja kati ya kumi na wanane."

Aliwapitisha wote akilini. Yuditha, ambaye kila mara huwa wa kwanza kutoa simu yake. Kwa nini wa kwanza? Mwalimu wa shule, aliyeomba soketi ya mwisho kulia, karibu na kikombe. Macho yake yalimfikia Efrazia, aliyesimama mlangoni na ungo.

"Hata mimi unanitazama hivyo?" aliuliza Efrazia.

Dominiko aliinamisha macho.

Kesho yake alipanda bodaboda hadi barabara ilipokwisha, akatembea kwenye nyasi kavu kuelekea boma la Lenku. Karibu na kisima cha ng'ombe palikuwa na majani mabichi machache. Aling'oa fungu, akaingia amelishika mbele yake kama mtu aliyebeba mshumaa.

Lenku alikuwa akimkwangua ndama kupe. Hakuinuka.

"Sopai," alisalimu Dominiko.

"Epa. Umeipata sauti yako?"

"Haimo," alisema Dominiko, akimrudishia simu.

"Umejuaje? Hujui hata kuifungua."

"Nimejisikia nikinywa chai." Dominiko alimweleza yote, ubao, kikombe, mnong'ono. Alieleza vibaya, bila chumvi hata kidogo, yeye aliyewahi kumfanya mfalme wa Uchina alilie mkonge. Mwisho akanyoosha majani. "Nilikuita mwizi, na si wewe. Nisamehe, ndugu yangu."

Lenku aliyapokea majani, akayatazama, akampa ndama akayala.

"Mimi nimeyaona," alisema. "Ndama ameyaona. Kwamsisi wameyaona?"

Dominiko alimtazama ndama akitafuna.

"Ulinivua jina kwenye kipaza sauti, Domi. Hapa unanirudishia kwa kunong'ona. Nirudishie kwa njia ile ile."

"Nitasema kesho, Jumamosi, mbele ya watu wote."

"Watu wa bandani wananijua. Nataka wasionijua wasikie."

"Lakini sijui nani anarekodi! Kesho nilitaka kuung'oa ule ubao, niwapekue mmoja mmoja, nimkamate."

"Ukimkamata, maneno yangu yatapita wapi?"

Upepo uliinua vumbi la zizi. Dominiko aliona vizuri anachoombwa. Kuirudisha heshima ya rafiki ilikuwa kumwacha mwizi na mlango wake wazi. Na sauti ikishatoka kwa idhini yake, nani tena atalipa kuja kuisikia?

"Unaniomba banda langu," alisema.

"Ulichukua jina langu," alijibu Lenku. "Mimi sina banda."

Jumamosi Dominiko alisimama mlangoni peke yake. Alipokea simu kumi na nane na kuzipanga mezani. Kila aliyempa alimtazama machoni, akitafuta kope itakayocheza, na kope zote zilicheza, kwa sababu hakuna binadamu asiyepepesa akitazamwa namna ile. Yuditha alimwuliza, "Mkalimani, una nini? Chai yangu ya jana ilikudhuru?" Mwalimu alichukua tena soketi ya mwisho kulia. Dominiko alitamani kuigeuza simu ile aone kama inarekodi. Mkono ulikwenda, ukarudi.

Alikaa. Aliinua kikombe, akakileta karibu na ubao, akavuta funda refu kuliko yote aliyowahi kunywa hadharani, ili popote sauti itakapofika wajue ni yeye na si mwigaji. *Frrrrp.* Akabonyeza kitufe.

"Tazameni sasa," alisema. "Palikuwa na nyampara mmoja Kwedizinga, jina lake Dominiko Kasmiri. Alikuwa na mlinzi, Lenku, mtu wa boma la kisima cha magharibi, shemeji ya watu wa Kwamsisi. Nyampara alipotelewa na kitu. Hakutazama meza yake, akatazama mlango. Akamwita Lenku mwizi mbele ya watu. Alisema uongo. Kitu kilikuwa kinapotelea mezani kwake mwenyewe. Lenku hakuiba. Narudia, na unayerekodi, rekodi hapa vizuri, usikate: Lenku hakuiba. Mwenye kosa ni mimi ninayezungumza."

Alisubiri, akiziangalia simu. Hazikusema kitu. Moja iliwaka kioo ikazima, pengine ujumbe, pengine si ujumbe. Ndipo akaanzisha filamu.

Siku tano hakulala vizuri. Kwa mara ya kwanza alikuwa akihofia kwamba huenda hakuna aliyeiba. Alimpigia Rehani mara mbili. "Bado, mzee," alisema Rehani. "Lakini wewe si ulisema sauti za wazee hufanana?"

Jumamosi nyingine, watu walipungua bandani. Mabenchi mawili ya nyuma yalikuwa matupu, na Dominiko aliyaona kabla hajaona kitu kingine. Kisha akaona rungu limeegemezwa kwenye nguzo ya mlango, mahali pake pa zamani.

"Kwamsisi wamesikia?" aliuliza.

"Wamesikia," alisema Lenku. "Shemeji zangu wanauliza kwa nini unakunywa chai kama ng'ombe."

"Na wewe uliwajibu nini?"

"Kwamba ng'ombe humaliza haraka."

Yuditha aliangua kicheko nje, mbele ya birika lake. Dominiko alimtupia jicho refu. Alikuwa amesikiaje, kutoka kule?

Lenku alitoa simu yake pana, ile yenye picha ya ndama. "Sheria bado ni ile ile? Niiweke ubaoni?"

Dominiko aliutazama ubao, soketi moja iliyobaki wazi, na kikombe kilichokuwa kikifuka mvuke kando yake.

"Weka," alisema. "Lakini isogeze mbali kidogo na chai."